Betri ya stata inalala, ya ndani imejaa: kifaa cha kuichaji kiungwe wapi?

*Swali: Shikamoo fundi. Niko Kihesa, Iringa. Nina Hiace ya dizeli niliyoigeuza gari la kulala kwa ajili ya wageni wanaokwenda Ruaha: kitanda, jiko la gesi, friji ndogo, paneli ya sola ya wati 150 juu ya paa na betri ya jeli ya AH (ampea-saa) 100 chini ya kitanda. Msimu wa mvua gari hukaa uani wiki tatu, hata mwezi. Betri ya ndani naikuta imejaa, lakini ya kuwashia gari naikuta imelala, mpaka nibusti. Mgeni mmoja aliniachia kifaa kidogo cha kuchaji betri ya stata kutoka betri ya ndani. Kina nyaya tatu, karatasi yake haipo. Fundi mmoja anasema hicho kifaa cha nini, niunge betri zote mbili kwa waya mnene yaishe. Mwingine anasema kitaninyonya betri ya ndani. Nifanyeje, na nyaya ziende wapi?*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na huyo wa waya mnene, maana ushauri wake ndio unaoweza kukuunguzia gari.

Ukiunga chanya ya betri moja na chanya ya nyingine moja kwa moja, huna tena betri mbili. Una betri moja kubwa yenye tabia mbaya. Mchana jua litazichaji zote, na utamsifu fundi. Usiku friji itazinywa zote, na asubuhi uko Tungamalenga, karibu na hifadhi, na wageni wako, stata inatoa mlio wa "tik" na kunyamaza. Sasa hata betri ya kubustia huna, kwa sababu zote mbili zimenywewa pamoja. Lakini hilo ni dogo. Siku betri ya stata imechoka nawe ukapiga ufunguo, stata ya injini ya dizeli huvuta mamia ya ampea, na sehemu kubwa itakuja kutoka betri ya ndani kupitia huo waya uliopita chini ya godoro. Waya anaouita mnene utakuwa mwembamba ghafla. Na jeli haikutengenezwa kwa kupigwa ngumi za namna hiyo.

Huenda gari lako tayari lina rilei inayounga betri hizo injini ikiwa inanguruma, ili alternata ichaji ya ndani. Hiyo iache ilivyo. Inafanya kazi ya upande mwingine, na injini ikizimwa inaachia. Tatizo lako ni gari lililosimama.

Kifaa ulichoachiwa ni vali ya upande mmoja. Ndani yake kuna saketi inayopima volti za betri zote mbili. Betri ya ndani ikiwa inachajiwa, yaani volti zake zimepanda juu ya 13 hivi na zimezidi zile za betri ya stata, kinafungua njia na kupitisha umeme kidogo. Vingi vya aina hii hupitisha kati ya ampea 1 na 4, si zaidi. Jua likizama, volti za jeli hushuka zikatulia karibu na 12.8, kifaa kinafunga, na friji inaendelea kula ya ndani peke yake. Betri ya stata haiguswi. Kwa hiyo fundi wako wa pili ana hofu isiyo na msingi kwa betri uliyonayo. Angekuwa na hoja kama ungekuwa na betri ya lithiamu, na nitaigusa huko chini kwa faida ya wengine.

Utauliza: ampea moja itafaa nini? Tupige hesabu. Gari lililozimwa halilali kabisa. Saa, alamu, kumbukumbu ya redio na kompyuta ya injini vinakunywa taratibu. Gari zima lisilo na hitilafu hunywa hadi miliampea 50 hivi. Zidisha kwa saa 24, unapata AH 1.2 kwa siku. Siku 30 ni AH 36, na betri ya AH 70 imebaki chini ya nusu, kabla hujahesabu inachopoteza yenyewe bila kuguswa. Ndiyo maana ukirudi baada ya mwezi inagoma. Lakini geuza hesabu hiyo hiyo: kurudisha AH 1.2 kila siku kwa ampea moja kunahitaji saa moja na dakika chache za jua. Hata siku ya mawingu mazito paneli ya wati 150 haikosi kiasi hicho. Usihangaike kutafuta kifaa chenye ampea nyingi.

Hesabu hiyo inaharibika pale gari linapokunywa kuliko inavyopaswa, na nadhani wewe uko karibu na hapo, kwa sababu wiki tatu ni chache mno kwa betri nzima kulala. Kabla hujaunga chochote, pima. Weka multimita kwenye tundu la ampea 10, fungua kichwa cha hasi cha betri ya stata, kisha unganisha mita kati ya kichwa hicho na nguzo ya betri ili umeme wote upite ndani ya mita. Milango ifungwe, funguo zikae mbali. Usithubutu kupiga stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa hapo, utachoma fyuzi yake. Mwanzoni itaonyesha namba kubwa. Subiri, magari mengine huchukua nusu saa mpaka kompyuta zitulie. Ikitua chini ya ampea 0.05, yaani miliampea 50, gari lako ni zima. Ikikaa 0.2 au 0.3, kuna mwizi: kwa 0.3 unapoteza AH 7.2 kila siku, na hapo kifaa chako kitakuwa kinajaza gunia lililotoboka. Chomoa fyuzi za gari moja baada ya nyingine huku ukiangalia mita. Inaposhuka ghafla, umeshamkamata. Mara nyingi ni redio iliyofungwa mtaani na kuungwa moja kwa moja na betri bila kupita kwenye swichi ya ufunguo, au kifaa cha kufuatilia gari, au alamu ya bei rahisi.

Jambo lingine la kabla: betri yenyewe. Betri ya asidi iliyokaa imelala wiki nzima huota salfeti kwenye sahani zake na haitarudi kuwa ilivyokuwa. Iondoe, ichaji kwa chaja ya kawaida mpaka ijae, iache saa kadhaa bila kuguswa, kisha ipime. Nzima iliyojaa hukaa 12.6 mpaka 12.8. Ikiwa 12.2 ni nusu. Ikikataa kuvuka 12.4 baada ya chaji ya usiku kucha, nenda kanunue nyingine, fedha za nyaya utazipoteza bure. Na usikitarajie kifaa hiki kufufua iliyokufa: AH 35 kwa ampea moja ni saa 35 za jua, yaani wiki nzima ya anga safi, na hapo sijahesabu kinachopotea njiani.

Sasa hizo nyaya tatu bila karatasi. Rangi usiziamini. Nyeusi karibu siku zote ni hasi, lakini nyekundu inaweza kuwa ya kuingizia au ya kutolea kutegemea aliyetengeneza. Tafuta namba ya modeli iliyochapwa kwenye kasha, iandike kwenye intaneti, karatasi itapatikana. Humo utasoma vitu vitatu unavyovihitaji: waya upi wa betri ya ndani, waya upi wa betri ya stata, na ampea za juu kinazopitisha. Kama kasha halina namba wala alama yoyote, usikiunge. Nunua kingine.

Tukishajua waya upi ni upi, kazi yenyewe ni fupi. Hasi ya kifaa inakwenda kwenye hasi ya betri ya ndani, au kwenye bodi mahali palipokwanguliwa rangi mpaka chuma kikaonekana, mradi hasi ya betri ya ndani nayo imeungwa na bodi kwa waya wa uhakika. Waya wa kuingizia unakwenda chanya ya betri ya ndani. Waya wa kutolea unakwenda chanya ya betri ya stata. Basi.

Hapo nimeruka fyuzi kwa makusudi, maana zinastahili maelezo yao. Mafundi wengi wataweka fyuzi moja upande wa betri ya ndani, "ndiko umeme unakotoka". Si kweli kwa kazi hii. Waya unaokwenda mbele una betri kila ncha. Ukichunika katikati, pale unapopita kwenye tundu la chuma chini ya kiti, ukagusa bodi, betri ya stata itausukumia ampea mamia kutoka mbele bila kujali kwamba huko nyuma kuna fyuzi iliyokwisha kukatika. Waya utawaka mwekundu kama wa hita, na juu yake una mbao na sponji. Kwa hiyo fyuzi mbili: moja kwenye chanya ya betri ya ndani, moja kwenye chanya ya betri ya stata, kila moja ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye nguzo. Kile kipande kabla ya fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi, kivishwe bomba la plastiki, kisiguse chuma. Kifaa cha ampea 2 kipe fyuzi za ampea 5. Cha ampea 4 kinatosheka na 7.5. Karatasi ikitaja namba yake, fuata karatasi. Fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi, tafuta iliyoikata.

Waya wenyewe: milimita za mraba 2.5. Kwa umeme 1.5 ungetosha, lakini angalia volti zinazopotea njiani. Tuseme kutoka betri hadi betri ni mita 4. Waya wa shaba wa 1.5 una ukinzani wa omu 0.012 kwa mita, kwa hiyo kwa ampea 2 unapoteza karibu volti 0.1. Wa 2.5 unapoteza 0.06. Tofauti inaonekana ndogo, ila kifaa kinachoamua kwa kulinganisha volti hudanganyika na vitu vidogo kama hivyo, na waya mnene kidogo pia hustahimili kuvutwa. Cha maana zaidi ni aina. Ukiomba "waya wa 2.5" dukani, iwe hapo Iringa au huku Mwanjelwa, Mbeya, muuzaji anaweza kukukatia ule wa nyumba, wenye uzi mmoja mgumu. Ni mzuri ukutani. Kwenye gari linalotetemeshwa na barabara ndefu ya kwenda hifadhini, unachoka na kukatika ndani ya ngozi yake, na utautafuta wiki nzima. Taka waya laini wa nyuzi nyingi. Kisha kwangua nyuzi zake kwa kisu mbele ya muuzaji: shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya rangi, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mrudishie kwa heshima.

Ncha zibanwe kwa vichwa vya waya vya saizi yake na koleo la kubania. Kusokota na kuzungushia tepu sikukubali, hata fundi akikuapia. Kila waya unapopita kwenye bati weka mpira wa tundu, na ufunge kwa zipu kila sentimita 30 hivi. Kifaa kikae pakavu, unapoweza kukifikia na kuona taa yake, lakini si juu ya betri ya maji: mvuke wa asidi utakula saketi. Mimi ningekiweka nyuma, karibu na kontrola ya sola, kile kiboksi kilicho kati ya paneli na betri.

Kuhusu kontrola, ichungulie kabla ya yote haya. Baadhi zina njia ya pili maalumu ya kuchaji betri ya stata. Kama yako inayo, umeshapata unachotaka na kifaa unaweza kumpa mtu. Lakini usichanganye njia hiyo na matundu yenye alama ya taa, yaliyo ya kulishia taa na vifaa. Nimeona watu wakiunga betri ya stata hapo. Matundu hayo hayapimi betri, hayazuii ampea, na siku betri hiyo ikiwa chini yanaweza kuungua. Vilevile usipitishie kifaa kwenye tundu la kiberiti cha gari, kwa sababu katika magari mengi tundu hilo hufa ukitoa ufunguo, na gari lako linachajiwa likiwa limezimwa.

Siku ya kazi, toa kwanza waya za paneli kwenye kontrola, ndipo uguse betri ya ndani. Kontrola nyingi hazipendi kuachwa na paneli bila betri. Kila betri ifunguliwe hasi kwanza na kufungwa hasi mwisho, ili spana ikigusa bodi isirushe cheche. Unga kila kitu fyuzi zikiwa mfukoni. Ukimaliza, rudisha betri, kisha paneli, halafu chomeka fyuzi ya betri ya stata, na mwisho ya betri ya ndani.

Pima mchana wa jua. Kabla ya fyuzi ya mwisho andika volti za kila betri, tuseme 13.6 nyuma na 12.5 mbele. Ichomeke, subiri nusu saa. Ile ya mbele inapaswa kuwa inapanda, na baada ya siku mbili tatu itakuwa inaikaribia ya nyuma. Ikiwa haijasogea kabisa, pima volti kwenye kifaa chenyewe pande zote mbili. Kama zinalingana na zile za kwenye betri, nyaya ni nzima na kifaa ndicho kinachogoma, au umegeuza kuingiza na kutoa. Usiku, friji ikiwa imezimwa, weka mita mahali pa fyuzi ya nyuma. Inapaswa kuonyesha miliampea chache tu.

Kwa baridi yenu na yetu, jambo moja. Kwenye nyuzi sifuri, kama asubuhi za Juni na Julai huko Kitulo na Makete, betri ya asidi hutoa karibu asilimia 80 tu ya uwezo wake, na mafuta ya injini yamekuwa mazito. Betri iliyojaa kwa msaada wa kifaa hiki itaiwasha. Iliyo nusu inaweza kushindwa, hata kama Iringa ilikuwa inaiwasha bila shida. Kontrola yako ikiwa na sehemu ya kuchaji kwa nguvu, ile inayopandisha volti kupita 15 kusafisha sahani, izime: jeli haiitaki, na volti hizo zinaweza kupenya mpaka kwenye betri ya stata na kompyuta za gari.

Wenye betri za lithiamu wanaosoma hapa: lithiamu ya fosfeti ya chuma hupumzika karibu na volti 13.3 hata usiku, juu ya betri ya asidi iliyojaa. Kifaa kinachoangalia tofauti ya volti peke yake hakitafunga njia kamwe, kitaendelea kuvuta. Nunua chenye mpangilio wa lithiamu. Wenye Coaster na Canter, hakikisheni kwanza kama gari ni la volti 24, maana mengi yaliyotoka Japani yana betri mbili zilizofungwa mfululizo. Kifaa cha volti 12 hakifai hapo, na kuchaji betri moja kati ya hizo mbili kutaua zote. Mnahitaji chaja inayopandisha 12 kwenda 24. Na wenye magari mapya ya Ulaya yenye kidude cha kupimia kwenye nguzo ya hasi, hasi yenu ya mbele iungwe kwenye bodi, si kwenye nguzo, la sivyo kompyuta itapotea hesabu.

Wewe wa Kihesa, nitumie namba tatu: ile ya miliampea baada ya nusu saa, volti za betri ya stata baada ya kuchajiwa na kupumzika, na namba ya modeli iliyo kwenye kasha. Ile ya kwanza ikizidi 100, yaani ampea 0.1, usikate hata waya mmoja mpaka tumjue anayekunywa.